Akiba Haiozi

Fomu iko mezani tangu Jumatatu,
imegandamizwa na kopo la kahawa isipeperuke.
Viboksi viwili. Hiki: naendelea na utumishi.
Hiki: naomba kuhamia jeshi la akiba.
Yule koplo wa masjala, Ngerengere, alinionea huruma.
"Weka vema tu, Kapteni. Vema moja."
Kana kwamba naagiza soda.

"Akiba haiozi," anasema mama, anachambua buni uani.
Sikumjibu. Juzi nilifungua pipa la mahindi
alilonitunzia tangu mwaka jana:
dumuzi wamepita, kila punje ina kidirisha,
unga unamwagika wenyewe.
Haiozi, mama. Hubunguliwa.
Mkono wa rubani nao una dumuzi wake.
Mwezi mmoja bila kugusa usukani
na kidole gumba kinapapasa swichi
pasipo na swichi.

Lomayani alitoka miaka mitatu iliyopita.
Anarusha watalii kutoka Kisongo,
shati jeupe, mistari minne begani,
na jua likizama yuko Sakina anakagua hesabu za mwanawe.
Mara moja kwa mwaka wanamwita. Anavaa kombati
inayombana kiunoni, anarusha wiki tatu, anarudi.
Jana nilimfuata. Nilimkuta uwanjani anapima:
mgeni, begi, mgeni, begi, sanduku la kamera,
kilo anaziandika kwa penseli.
"Unalala?"
"Nalala. Ila zikipita zile zetu usiku,
naamka, nazihesabu. Mwezi wa nne zilipita mbili.
Nilikaa macho mpaka nikasikia mbili zinarudi."
Akanyamaza. Akalitoa begi moja nyuma,
akaliweka safu ya mbele. Kilo zile zile.
"Huko nyuma lingenyanyua pua," akasema,
"tungeangukia mkia."

Mpaka Boma Ng'ombe nilikuwa bado nalifikiria lile begi.

Kundaeli haniambii baki, haniambii toka.
Anachomelea mageti Pasua, miwani myeusi usoni.
Kitanda cha Aikande amekirefusha mara mbili,
na mara zote mbili nimekuta rangi imeshakauka.

Lakini upo pia usiku ule wa mafuriko.
Barabara ya moramu ndiyo iliyokuwa uwanja,
pikipiki kumi na sita, taa zao ndizo njia,
na mama mwenye uchungu akapandishwa
juu ya magunia matupu ya unga tuliokuwa tumeushusha.
Alijifungulia angani, sijui juu ya wilaya gani.
Usiku ule aliitwa aliye karibu.
Wa akiba angekuwa bado anatafuta buti.

Leo Alhamisi. Kesho koplo anataka vema yake.
Mama ananiita nimshikie mdomo wa gunia,
chama cha msingi kinafunga saa kumi.
Karani anasogeza jiwe la mizani:
arobaini na mbili, arobaini na mbili na nusu,
mkono unapanda, unashuka, hautulii.
Anataka kupunguza gao moja.
"Usipunguze," nasema. "Gunia limekaa pembeni.
Lisogeze katikati."
Analisogeza. Ananitazama kuanzia viatu.
"Wewe ndiye yule wa ndege?"

"Ndiye," anasema mama,
kabla sijafungua mdomo.