Kulabu

Saa tisa usiku nimesimama roshani, miguu mitupu kwenye theluji,
gauni la kulalia limeganda mgongoni kama gazeti lililolowa.
Kipimajoto ukutani: ishirini na sita chini ya sifuri.
Mimi natoa mvuke kama sufuria ya viazi.
Bandari ya Kemi imelala, bahari imekuwa sakafu.
Ndani, Jorma anauvuta mfarishi wote upande wake,
anauliza katikati ya usingizi nani kaacha mlango wazi.
Mimi. Nani mwingine.

Mchana napanda ngazi mia moja na nne hadi kibanda cha winchi.
Miaka ishirini na miwili napandisha marobota ya karatasi, nashusha,
na sijavunja hata ukucha wa mtu.
Jumanne ile nikashika redio kumwuliza Eetu kule chini
kama ile… kama ile…
ile ya chuma, iliyopinda, inayobeba.
Neno lilikuwa limeondoka, na kiti chake bado kina joto.
Eetu akacheka. Ana miaka ishirini na mitano, hana kosa.
Nikazima redio, nikalia juu ya bandari nzima,
kisha nikamkasirikia kwa jinsi alivyovaa kofia.

Nilidhani ni moyo. Oulu wakanibandika nyaya kifuani,
wakasema moyo huu ni wa farasi.
Nilidhani ni akili, maana baba yake Jorma alianza hivihivi,
kwa kupoteza majina ya vyombo.
Nikapewa vidonge vya usingizi. Nikashauriwa kutembea.
Natembea! Natembea usiku kucha.

Daktari Inkeri ndiye aliyeuliza hedhi ya mwisho ilikuja lini.
Nikamjibu: meli ya Bremen ilipokwama kwenye barafu.
Akaweka kalamu chini, akasubiri nihesabu miezi.
Halafu akaigeuza fomu, akachora nyuma yake
si mteremko, kama nilivyotarajia,
bali vilima, juu, chini, juu tena, chini zaidi.
"Homoni haziondoki kama mgeni anayeaga," alisema. "Huyumba kwanza."
Hapo nikaelewa. Mzigo ukiyumba kwenye upepo
huuvuti kwa nguvu. Unaufuata kwa mkono wa winchi,
unakwenda nao unakokwenda, mpaka utulie.

Akauliza kuhusu matiti, kuhusu damu kuganda, kuhusu mama.

Mama.
Ylitornio, Januari, mlango wa zizi uko wazi,
mama amesimama kati ya ng'ombe na baridi,
vifungo vya koti vimefunguliwa vyote, shingo inafuka.
Jioni ile alinizaba kofi kwa kijiko kilichopotea.
Baba akasema mishipa ya fahamu imemchoka, mwacheni.
Wakampa chupa ya vidonge, akalala machipuko mawili mfululizo.
Kofi lile nimelibeba miaka arobaini,
robota lisilo na anwani.

Sasa kila asubuhi mibonyezo miwili ya jeli, paja la ndani,
nangoja ikauke ndipo nivae soksi ndefu.
Usiku kidonge kimoja, cha kuulinda mji wa mimba.
Wiki tatu, hakuna kitu. Kimoyomoyo nikamwita Inkeri tapeli.
Wiki ya tano nililala hadi saa kumi na mbili,
Jorma akaniamsha akidhani nimekufa.
Magoti bado yanauma. Na hasira nyingine, kumbe,
zilikuwa zangu za haki; hizo nimebaki nazo.
Kwenye foleni ya duka, nimeshika maziwa, neno likarudi lenyewe.
Kulabu, nikasema kwa sauti.
Mzee wa mbele yangu akageuka.
Kulabu, nikamwambia na yeye.

Jumapili nilikwenda kumwona mama kwenye nyumba ya wazee.
Nikamkata kucha za mkono wa kulia, ule wa kofi.
Nikamwuliza: usiku ule zizini, ulikuwa unasikia joto?
Akaangalia dirisha kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amenisahau.
"Ng'ombe," akasema, "hawakuniuliza kitu."