Njia Mbili

Mmmmm.
Si nyuki. Si wale wadudu wa ziwa
wanaoinuka kama moshi upande wa Saanane
wakaja kuzama kwenye sufuria ya uji.
Ni spika ya kushoto, kisha na ya kulia,
zinaguna kabla sijaweka kaseti,
kama mgonjwa anayelalamika kabla hajaguswa.

Kijana wa Makoroboi alipanda ngazi zetu za mawe,
akahema, akanywa maji, akachokonoa kwa testa,
akasema: Mama, tukate pini ya tatu, itanyamaza.
Nikamwambia itanyamaza, nami nitanyamaza nayo
siku nitakapogusa bati la amplifaya kwa mkono wa maji.
Nikampa nauli. Anaitwa Nkwabi. Hana ubaya.

Mimi nilikuwa mkunga miaka thelathini na miwili.
Nikaitoa kabatini pembe yangu ya mti,
ile ya kusimamisha juu ya tumbo,
nikaisimamisha juu ya transfoma, nikainamisha sikio.
Moyo wa mtoto huwa mbioni,
unapotea, unarudi, una hofu na hamu yake.
Huu haupungui, hauongezeki, haukuogopa kitu.
Si mtoto huyu. Huyu ni Tanesko.

Basi nikaanza, usiku, Luku ikinionyesha yuniti kumi na moja.
Nikazima friji. Mmmmm.
Nikazima feni, na taa ya tyubu ya barazani. Mmmmm.
Chaja ya simu ya mjukuu wangu Sayi, akanuna. Mmmmm.
Nikatenga nyaya za sauti na nyaya za umeme,
kama watoto waliogombana,
ikashuka kidogo, ikajikohoza, ikarudi.

Nikakaa sakafuni kuifikiria athi.
Nyumba hii ya Igogo imekalia jabali.
Marehemu Lugendo, aliyetufungia umeme,
alipigilia fimbo ya shaba futi mbili, ikagonga jiwe, ikapinda,
akaifukia kwa kokoto na kudai malipo kamili.
Kwetu hapa hata mgomba huomba ruhusa ya mwamba,
sembuse umeme unaotafuta pa kujizika.

Ndipo nikakumbuka dishi.
Sayi alililazimisha mwaka jana kwa ajili ya mpira:
limefungwa kwa nondo kwenye jiwe la jirani,
waya wake unashuka dirishani, unaingia king'amuzi,
unatoka king'amuzi, unaingia kwenye amplifaya yangu.
Athi mbili!
Ya Lugendo, iliyopinda, na ya dishi, isiyojulikana,
na umeme katikati unazunguka, haujui ushike ipi.
Njia mbili zilimshinda fisi.
Fisi wangu alikuwa ndani ya spika.

Nikachomoa waya mmoja,
mwembamba kama kitovu cha mtoto njiti.

Kimya.
Kimya chenye mbwa wa Mabatini ndani yake,
na honi ya meli, na Sayi mlangoni:
Bibi, umeharibu?

Nikaweka kaseti.
Wauguzi wa zamu ya usiku, zahanati ya Butimba,
mwaka themanini na saba, mazoezi ya harusi ya Mbuke.
Ng'walu anakosea ubeti wa pili, tunamcheka,
mtu anaangusha beseni.
Na chini ya vicheko, mbali: mmmmm.

Nikaruka. Nikashika waya: uko nje, mkononi mwangu.
Nikasimamisha kaseti, kimya. Nikaianzisha, mmmmm.
Nikaganda, kidole juu ya kitufe.
Friji la chanjo. Kona ya kushoto,
lile tulilolitegea tofali chini ya mguu,
ambalo Mbuke hakulipita bila kuliwekea kiganja
kuona kama lingali hai.

Huo sina pa kuuchomoa.

Kesho nitamwita Nkwabi, aje na sururu,
atafute udongo popote ulipojificha katika kilima hiki,
maana Sayi anataka mpira wake Jumamosi.
Sasa hivi nageuza upande wa pili.