Mafuta ya Numbi

Njia ya tatu, nyuma ya stesheni ya reli, Lubumbashi,
ina mbao thelathini na tisa.
Nilizihesabu kwa goti na kidole
siku ile mashine ya mafuta ilipokufa
na Numbi akachukua ufagio, akaufunga blanketi kuukuu,
akasema: kuanzia leo mashine ni miye.

Kuanzia siku ile hakuna ajuaye kinachomsubiri.

Kuna Alhamisi Numbi amelipwa, amekula bukari na tomsoni:
anapaka mbali, karibu na miguu ya vigingi,
na tufe linateleza kama mdeni aliyekuona sokoni,
halikunji, halisalimu, linapita.
Siku hiyo nasimama ndani, nanyoosha mkono,
natwaa tufe la zamani nililolisugua kwa msasa
hadi likapoteza uso.
Chenye uso laini hakishiki penye mafuta.

Kuna Alhamisi ameamka na ugomvi.
Anapaka kidogo, nusu ya njia haifiki,
anatoka kuvuta sigara.
Mbele hapo mbao ni kavu kama midomo ya Agosti:
tufe linakata kushoto kabla hujalimalizia dua.
Basi unahamia pembeni,
unalipitisha ukingoni mwa mfereji,
pale ambapo mwoga hapiti.

Nilichelewa kuyajua haya.
Baba, aliyepanga vigingi kwa mikono humu ndani
akiwa kijana mwembamba wa kuruka matufe,
alinifundisha mtupo mmoja.
Hatua nne, jicho kwenye mshale wa pili, achia.
Nikautupa miaka sita.
Ukanipa vikombe viwili na aibu nisizozihesabu.
Nilidhani mkono ndio unaokosea.
Nikaufunga bendeji, nikaukanda kwa maji ya chumvi,
nikautukana.
Hakuna aliyeniambia nitazame chini.

Julai. Baridi ya kuvaa makoti mawili.
Fainali, mimi na Feza wa Kamalondo,
naye kaniacha kwa vigingi kumi na vinane.
Umeme ukakatika.
Mtu akacheka, mtu akaagiza bia gizani.
Numbi akalaza simu yake sakafuni, tochi ikitazama vigingi.
— Kuya, Kapinga. Lala hapa.

Nikalala kifudifudi na sketi yangu ya mashindano
nikayaona.

Katikati yalikuwa mazito, yameduwazwa na baridi.
Kulia, pale tulipotupa tangu jioni,
palikuwa na kijia kisicho na mng'ao,
kama kile watu wanachokikanyaga katikati ya shamba la mwenyewe
kwa kuikwepa barabara.
Na mwisho wa kijia, mafuta tuliyoyakokota,
yametapakaa penye ukavu tuliokuwa tukiutegemea.

— Miye nilipakaa tu, Numbi akasema.
Hii njia muliichora nyie benyewe.

Umeme ulirudi saa tatu kasoro.
Nikahama: mbao tano kushoto kwa miguu, tatu kwa macho.
Feza alibaki palepale
na mtupo wake mzuri, mzuri sana,
mzuri wa saa kumi na mbili.
Vyake vikaanza kubaki wimawima, viwili, vitatu, pembeni.
Vyangu vikaanguka kwa kelele ya sufuria.

Nilishindwa kwa kigingi kimoja.
Kilitikisika, kikafikiri, kikasimama.

Nyumbani Baba alikuwa macho, kajifunika hadi kidevuni.
— Ulitupa vile nilivyokufundisha?
— Ndiyo. Mbao tano kushoto.
Akanyamaza muda wa kuchemsha chai.
Kisha akasema kule nyuma walikuwa wakiyajua mafuta,
matufe yalifika yamevaa pete za utelezi,
pete nyembamba mapema, pana usiku ukikua,
nao waliyafuta kwa mashati kabla ya kuyarudisha.
— Hukuwahi kuniambia.
— Mama yako alilifua kwa majivu, akasema. Halikutoka.