Mita ya Maji

Bi Nélida Higa anataka dola elfu thelathini na nane
kwa duka lake la udobi.
Dola, si peso. Peso, asema,
huyeyuka kabla hujamaliza kuihesabu.
Ananipa daftari la jalada la kijani:
makoti mia tatu kwa mwezi, suti, mapazia,
mwandiko wa kupendeza, wino mmoja
tangu Januari hadi Desemba.
Wino mmoja. Nikanyamaza.

Asubuhi tatu nilisimama mkabala na mlango,
baridi ya Julai ya Buenos Aires ikinitafuna masikio,
nikajifanya nasubiri basi,
nikahesabu walioingia.
Jumanne, tisa. Jumatano, saba,
na mmoja wao aliuliza njia tu.
Alhamisi mvua: wanne.

Kizuri chajiuza. Mbona basi
tangazo limepauka dirishani?

Nikaomba bili za maji.
Akazitafuta polepole, droo hii, droo ile,
akanipa chai, akanipa ya pili.
Mita haina shemeji.
Kwa maji yale hufui makoti mia tatu,
hufui hata mia na themanini.

"Ishirini na mbili," nikasema.
Akacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole.
"Na jina? Miaka arobaini na sita
mtaa mzima huiita kona hii Kwa Higa."
"Jina utaondoka nalo. Mimi naitwa Ferreyra.
Na boila inavuja kiunoni,
na mkataba wa pango umebakiza miezi kumi na minne,
na mwenye nyumba hata simu hapokei."

Tukapanda, tukashuka. Ishirini na sita:
nusu sasa, nusu mwenye nyumba akisaini upya,
naye abaki nami miezi miwili
anifundishe hariri,
na nani mtaani hulipa kwa maneno.

Nyuma, ndani ya plastiki, yananing'inia
makoti ambayo wenyewe hawakurudi.
Thelathini na moja. Nikauliza: haya ni mali au deni?
Akaligusa moja la kahawia, tiketi namba 4117.
"Huyu alisema Ijumaa."
"Ijumaa gani?"
Hakujibu. Akalinyoosha kola.

Kifungu cha tisa:
rafu ya nyuma haiuzwi, hainunuliwi,
mnunuzi ataitunza.
Ndicho pekee tusichovutana.

Wakili akatutoza nacho vilevile.