Mshono wa Jumatatu

Ramani ilikuwa ya shule, imechakaa mikunjoni.
Mama aliibandika juu ya cherehani,
akaivua tepu shingoni, akapima
Santiago hadi Auckland,
kushoto kabisa hadi kulia kabisa,
bahari, Afrika nzima, bahari tena:
sentimita sabini na tano.
"Nibaldo," akaniambia kwenye simu, "umewapita watu wote."

Hapana, Mama. Ndege haiendi huko.
Ikunje karatasi kama mkono wa shati,
ukingo ukutane na ukingo.
Mimi nipo upande huu wa mshono, wewe upande ule.
Akanyamaza. Nikasikia karatasi ikilia.
"Thelathini na tano," akasema. "Mbona karibu."

Karibu:
kilomita elfu tisa na mia sita na ushei,
saa kumi na moja hewani, chini maji matupu,
na nauli ya miezi minne ya kutengeneza lifti za watu.
Miaka sita sikwenda.

Yasna alipopiga hakusema mengi. Alisema: wahi.

Niliondoka Jumatatu, saa kumi na mbili jioni.
Tiketi iliandika nitafika Jumatatu, saa saba mchana.
Bi Makerita, jirani yangu kitini, alicheka,
"Tunafika kabla hatujaondoka!"
akanimegea biskuti yake.
Nikaamini. Mwenye haraka huamini chochote.
Nikajiambia siku hii ina upindo;
fundi mzuri huacha upindo
ili nguo ikibana, ifumuliwe, iongezwe.

Jumatatu ile ilikuwa na saa tano asubuhi mbili.
Ya kwanza ilinikuta Auckland, ndani ya shimo la lifti, mikono grisi,
na kwake ilikuwa bado Jumapili,
anakataa supu, anadai chai.
Ya pili ilinikuta juu ya maji,
kijindege cha kwenye skrini kimeganda kama nzi kiooni,
zimebaki kilomita elfu moja na mia saba.
Ya pili ndiyo iliyomchukua.

Yasna alinipokea amevaa koti la Mama.
Hakusema nimechelewa.
Saa ya uwanjani ilisema nimewahi,
kwamba kule nitokako sijafunga hata begi.

Nyumbani ramani haikuwa ukutani.
Ilikuwa kwenye cherehani, imeviringwa,
imeshonwa ukingo kwa ukingo, uzi mwekundu,
mshono wa kurudia, kama wa nguo ya kazi.
Shubiri ya mwisho ilikuwa wazi,
sindano inaning'inia.

Nikaingiza mkono. Pana mno.
"Si ya mkono," Yasna akasema. "Aliniuliza kipimo chako cha kifua."

Nikaipitisha kichwani.
Ilinienea.
Nikaigeuza taratibu, isichanike,
mshono uje mbele.