Kitufe cha Kwanza

Ghala, ghorofa ya tano. Kiyoyozi kinanguruma
kama mtu aliyenyimwa likizo.
Zahanati arubaini na moja, toka Khasab hadi Salala,
kila moja na tovuti yake,
na chini ya zote mfumo mmoja, kama falaji
lipitalo shamba kwa shamba, kwa zamu.

Mfumo huu hatukuununua. Msimbo wake uko wazi:
mtu wa Porto kaandika, mtu wa Pune karekebisha,
na mmoja asiye na jina kaacha onyo,
"Mstari huu usiguswe."
Sreejith aliugusa.
Sur ikazimika kutwa nzima.
Sasa hatuugusi.

Kiarabu kinaanza kulia, Kiingereza kushoto,
ukurasa unapinduka kama shuka kambani.
Kiurdu kimejaa. Kimalayalam kimejaa.
Kiswahili, sifuri:
mistari elfu mbili na mia tatu, mitupu.

"Nani anakihitaji?" aliuliza mkurugenzi Harib.
Aliuliza kwa Kiswahili.

Basi najaza usiku, watoto wakishalala.
Hifadhi. Ghairi. Rasimu. Chapisha.
*Futa*, neno la mama na meza yake baada ya chakula,
na mashine inauliza: Una hakika?
Ukurasa una mzazi, ukurasa una wana,
na ule uliopotewa na mzazi
mfumo unauita yatima.
Hapo nilisimama, nikaenda kuchemsha chai.

Nikarudi kwenye kitufe cha kwanza, cha juu kabisa,
chenye picha ya kijumba.
Mwanzo, au Nyumbani?
Nikampigia mama, Ibra.
"Kinampeleka mtu wapi?"
Pale alipoingilia.
Akanyamaza; nikasikia feni yake.
"Mimi niliingilia Wete, mwanangu.
Andika Mwanzo. Nyumbani hakurudiwi kwa kidole."

Nikaandika Mwanzo. Nikatuma.
Wakakubali, wakaniandikia asante kwa lugha nne.

Wiki ya tatu, mtu wa Lubumbashi, simjui,
kakifuta, kaweka Nyumbani.
Sababu: "Ndivyo tusemavyo huku."
Ruhusa ya kurudisha ninayo.
Nimefungua ukurasa ule mara sita,
mkono juu ya kipanya.
Neno si langu peke yangu; ndiyo maana ya wazi,
na ndiyo kero yake.

Jumatatu mama alikwenda kuchukua dawa ya presha.
Mlangoni pana kioo cha kugusa, kirefu kumpita.
Alipotea humo, katika fomu na bima,
akatafuta kijumba, akakibonyeza.

"Wamekosea lile neno," alinipigia.
"Ndiyo, mama."
"Lakini nilifika."
Ulifika wapi?
"Pale penye saa za kazi.
Kumbe Alhamisi wanafunga saa saba."