Kauli ya Kutendwa

Hull, barabara ya Beverley, juu ya kinyozi Mkurdi.
Mama anarudi kutoka kiwanda cha kuku alfajiri,
vidole vimekunjamana kwa maji ya dawa.
Anailisha mita ya umeme pauni tano,
na kabla hajavua koti, simu i sikioni.

Sauti zimemngoja humo usiku kucha.
Mwanamume anasema: nyumba ilichomeka.
Mama anairudisha nyuma, anasikiliza tena, anampigia.
"Ilichomeka, au ilichomwa?"
Kimya. Jogoo anawika huko aliko.
"Ilichomwa."
"Na nani?"

Hapo ndipo kazi inapoanzia.
Mlango ulitazama wapi. Kombati mpya, au zilizopauka.
Nani aliitwa Afande, na nani aliitika.
Chunguni mlikuwa na nini.
Sombe, anasema mtu, ilikuwa haijaiva,
na mama anaandika: sombe, haijaiva,
maana mwongo husahau kupika.

Majina anayafungia katika daftari jingine.
Ndani ya faili watu ni tarakimu:
wa arobaini na moja, aliyekuwa mjamzito;
wa arobaini na mbili,
aliyehesabu buti kutoka chini ya kitanda.

Mimi nimekulia ndani ya sarufi hiyo.
Nilipokuja na vigae mkononi, nikisema kikombe kimevunjika,
alinitazama tu, akingoja sentensi iishe.
Kimevunjwa.
Na mimi.
Walimu walimshangaa mtoto
anayekiri hata asiyoulizwa.

Miaka kumi na moja, masanduku tisa,
nakala kwa wakili wa Leeds, Bi. Oldroyd,
anayejibu Krismasi kwa Krismasi.
Kutoka mahakamani, barua moja, mstari mmoja:
Imepokelewa.
Na nani, hawakusema. Mama alicheka hadi akakohoa.

Juzi nikimpangia faili kwa miaka
nilikuta moja nyembamba, haina namba.
Mjomba Byamungu. Tarehe. Kivukoni.
Shati la buluu, kifungo kimoja cheupe
alichokishona mama mwenyewe.
Na chini, kwa mwandiko wake, neno moja:
alipotea.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.
Nje shakwe wakigombania mfuko wa chipsi.
Nililirudisha jalada mahali pake,
nikaenda kumchemshia maji
ya kuloweka vidole.